Nani Atamgeuza Saa Nane Usiku? Hotuba juu ya Huduma za Nyumbani kwa Watu Wenye Ulemavu

Maneno haya niliyasema mjini Newala, mkoani Mtwara, Tanzania, tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, mbele ya madiwani, watendaji wa halmashauri, viongozi wa vyama vya watu wenye ulemavu na wazazi. Nimeyaandika kwa ombi la baadhi ya waliokuwapo, na nimeongeza maelezo pale ambapo muda ulinibana.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji, viongozi wa vyama vya watu wenye ulemavu, wazazi wenzangu na walezi: Assalamu alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni.

Naomba niwasalimu pia wasiokuwapo. Nimewaona humu ndani wenzetu waliofika kwa fimbo nyeupe na kwa viti mwendo, na nimefurahi kumwona mkalimani wa lugha ya alama amesimama mahali anapoonekana. Lakini katika vijiji vyetu wako watu ambao hawawezi kuketi wenyewe, hawawezi kujilisha, hawawezi kwenda chooni bila kubebwa, na kila mmoja wao ana mama, bibi au dada ambaye leo hakuja kwa sababu hana wa kumwachia. Kila mwaka siku hii tunaiadhimisha bila wao. Nimeomba nafasi hii niwazungumzie wao tu, na naomba radhi mapema kwa wenzangu ambao mahitaji yao sitayagusa.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka 34, sehemu kubwa ya miaka hiyo katika zahanati za vijijini. Ninalolisema leo, hata hivyo, sikulijua kwa sababu ya uuguzi. Nililijua kwa sababu ya mdogo wangu. Msimu wa maembe wa mwaka 1998 alipanda mwembe, tawi likakatika, akaanguka na kuumia uti wa mgongo, na tangu siku ile hakuhisi chochote kuanzia kiunoni kwenda chini. Alikuwa na umri wa miaka 23. Alilazwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja, na kabla wiki ya pili haijaisha alikuwa tayari na kidonda juu ya kitako, kile kidonda kinachotokea mtu anapolala upande mmoja muda mrefu hadi nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro ikakosa damu na kufa. Siku ya kuruhusiwa tulipewa karatasi iliyoandikwa dawa za maumivu na tarehe ya kurudi. Hakuna aliyetuuliza nyumba yetu ikoje, maji tunayapata wapi, wala nani atamgeuza saa nane usiku.

Swali hilo la mwisho ndilo lililotawala maisha ya nyumba yetu kwa miaka 11. Mtu asiyehisi mwili wake anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Hiyo ni mara 12 kwa siku moja, na kwa mwaka ni mara 4,380. Mama yetu alifanya kazi hiyo. Mimi nilipokuwa likizo nilimpokea, na shangazi mmoja alikuja msimu wa palizi ulipokwisha. Tulijifunza kukata godoro la sponji ili sehemu ya kitako ikae wazi, kukagua ngozi kila asubuhi kwa mwanga wa dirishani, kuchemsha maji ya kusafishia mpira wa mkojo, ule unaoingizwa hadi kwenye kibofu ili kuutoa mkojo. Kidonda cha hospitali kilipona baada ya miezi saba, na hakikurudi tena. Kilichomwondoa mdogo wangu mwaka 2009 ni maambukizi yaliyopanda kutoka kwenye kibofu hadi kwenye figo, katika kipindi ambacho mipira ya mkojo ilikosekana nasi tukawa tunatumia ule ule kupita muda wake. Mpira mmoja si kitu cha gharama kubwa. Kilichokosekana ni mtu wa Serikali ambaye kazi yake ilikuwa kujua kwamba katika kijiji kile kuna mtu anayeuhitaji.

Waheshimiwa, nimelisimulia hili kwa sababu tunaposema huduma kwa watu wenye ulemavu, wengi wetu tunaona jengo: shule ya mahitaji maalum, chuo cha ufundi kama Mtapika kule Masasi, wodi, karakana ya viungo bandia. Majengo hayo tunayahitaji, na sitaki mtu atoke hapa akisema nimeyapinga. Lakini mtu hukaa kwenye jengo kwa majuma au miezi, halafu anarudi nyumbani, na nyumbani ndiko anakoishi. Huduma ya nyumbani ni kumgeuza, kumwogesha, kumlisha, kumtoa nje apate jua na maneno ya watu. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ni kujua kwamba halishwi akiwa amelala chali, bali ameketishwa wima, kichwa kimeinama kidogo mbele, uji ukiwa mzito na kijiko kikiwa kidogo, kwa kuwa chakula kikiingia njia ya hewa kinamletea homa ya mapafu. Nimewaona watoto wakizikwa kwa homa hiyo, na majirani wakasema ni siku yake tu ilifika. Fundi seremala wa kijijini anaweza kutengeneza kiti cha pembe ambacho mtoto huyo atakiegemea, na mianzi miwili iliyochimbiwa uani inatosha kuwa mahali pa kujifunzia kusimama. Anayehitajika ni mtu wa kumwonyesha mama, na kurudi wiki ijayo kuona kama ameshika.

Maji nayo yamo katika jambo hili. Uwanda wetu wa Makonde mnaufahamu. Wazazi wetu waliteremka mabondeni kufuata maji, na hata leo, pamoja na mradi unaotegemea chanzo cha Mitema, ziko siku bomba halitoi. Kumtunza mtu asiyeweza kuzuia haja kunataka maji ya kufua na kuogesha kila siku. Kaya yenye mtu wa namna hiyo ingestahili kutangulizwa kwenye foleni ya kituo cha maji, na uamuzi huo hausubiri Bunge, kwa kuwa kamati ya maji ya kijiji inaweza kuupitisha kesho.

Sasa nije kwenye fedha, kwa sababu ndiko ninakoelekea.

Mwaka 1978, katika mji wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani, alizaliwa mtoto aliyeitwa Katie Beckett. Akiwa na umri wa miezi michache alipata maambukizi ya ubongo yaliyomfanya ategemee mashine ya kupumulia. Bima ya Serikali kwa watu wa kipato cha chini, inayoitwa Medicaid, ililipia kitanda chake hospitalini. Baadaye madaktari walisema anaweza kutunzwa nyumbani, na nyumbani gharama ingekuwa ndogo kuliko ya hospitali. Lakini kanuni ilisema kwamba akirudi nyumbani, kipato cha wazazi wake kitahesabiwa, naye atapoteza haki ya kulipiwa. Kwa hiyo mtoto akabaki wodini, si kwa sababu ya ugonjwa, bali kwa sababu fedha za umma zilijua njia ya kwenda hospitalini na hazikujua njia ya kwenda nyumbani kwake. Mwezi Novemba 1981 Rais Ronald Reagan alilitaja jambo hilo hadharani, kanuni ikalegezwa, na mtoto akarudi kwao. Mwaka huo huo sheria ilibadilishwa ili majimbo yaruhusiwe kutumia fedha za Medicaid kulipia huduma za nyumbani na za jamii kwa watu ambao vinginevyo wangewekwa kwenye taasisi. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi iliyotoka jimbo la Georgia, iliamua kwamba kumweka mtu mwenye ulemavu kwenye taasisi wakati anaweza kuishi katika jamii, naye anataka hivyo, ni ubaguzi. Katie Beckett aliishi hadi mwaka 2012. Mpango huo una kasoro zake, na hadi leo mamia ya maelfu ya watu kule wako kwenye orodha za kusubiri. Nimeutaja kwa jambo moja tu: hata nchi tajiri ilihitaji mtu aseme kwa sauti kwamba kumtunza mtu nyumbani nako ni huduma, na kunastahili kulipiwa.

Tusiende mbali. Kenya, tangu mwaka 2011, ina mpango wa Serikali wa kuzipa fedha kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, zinazopokewa na mlezi kwa niaba ya yule asiyeweza kujihudumia. Zanzibar, mwezi Aprili 2016, ilianza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni ya jamii, mwanzoni shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka kwenye mfuko wa Serikali yenyewe. Wale ni wazee na si watu wenye ulemavu, najua, lakini wale ni ndugu zetu, na uchumi wao haukuwa wa miujiza.

Sisi huku Bara tuna nini? Kwa upande wa maandishi tuna mengi. Tuna Sera ya Taifa ya mwaka 2004. Tumeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 19 ya Mkataba huo inasema wazi kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuishi katika jamii na kupata huduma za nyumbani, pamoja na msaidizi binafsi, ili asitengwe. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010, inayozitaka serikali za mitaa kulinda ustawi wa watu hawa katika maeneo yao, na inayoweka kamati za watu wenye ulemavu hadi kwenye kijiji na mtaa. Naomba Waheshimiwa Madiwani mjiulize kimoyomoyo, kila mmoja kwa kata yake: kamati hiyo ilikutana lini mara ya mwisho?

Kwa upande wa fedha tuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Ni mikopo isiyo na riba, na nimeona ilivyowainua watu. Ninamfahamu fundi cherehani asiyesikia ambaye sasa ana mashine tatu. Lakini mkopo hurejeshwa, na anayekopa lazima awe na nguvu ya kufanya biashara. Mtu aliyelala mkekani hawezi kukopa, na mama yake anayemgeuza kila baada ya saa mbili hana muda wa kwenda gengeni. Kwa hiyo fedha hii ya halmashauri ambayo sheria imeitenga kwa jina la watu wenye ulemavu inampita yule mwenye ulemavu mkubwa kuliko wote. Sidhani kama kuna aliyekusudia hivyo. Ila ndivyo ilivyo, na hatuna budi kulisema.

Tuna pia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kupitia TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaozipa kaya hizo fedha, na namshukuru Mungu kwa mpango huo. Lakini mama akipokea fedha ile ananunua unga na kulipia madeni ya dukani, kama ambavyo mimi au wewe tungefanya. Haimletei mtu wa kumfundisha wala mtu wa kumpokea kazi.

Najua neno litakalofuata, kwa sababu nimeshalisikia kwenye vikao vingi: hiyo ni kazi ya ndugu. Huku kwetu Kusini, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mtoto mwenye ulemavu mara nyingi humwishia bibi mzaa mama. Sijaona ndugu wakimtupa. Nimewaona wakimbeba mgongoni hadi anafika miaka 15, wakati mgongo wenyewe umeshapinda. Lakini Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na tumeuita mzigo huu wa ndugu kwa sababu hatujaubeba. Msimu wa korosho unapofika, familia nzima inahamia mashambani kuokota, na ndipo tunaposikia mtoto amefungiwa ndani kutwa nzima, na watu wa mjini wanakuja na kamera kusema wazazi ni wakatili. Mama yule alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: amfungie mtoto ndani, au wote wawili wakose chakula mwezi Machi. Ningependa anayemhukumu akae na yule mtoto wiki moja.

Kuhusu hoja ya fedha, nianze na hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watu wapatao 11 katika kila 100 wenye umri wa miaka 7 na kuendelea nchini wana ulemavu wa aina fulani. Mkoa wetu ulihesabiwa kuwa na watu 1,634,947. Mtu akizidisha haraka ataogopa. Lakini wengi kati ya hao wanahitaji miwani, shime sikio, fimbo, kiti mwendo kinachoweza kupita kwenye mchanga wetu, au mafuta ya kukinga jua kwa wenye ualbino, ambayo nayo yangefaa kuwafuata kijijini badala ya kuwasubiri hospitalini. Wanaohitaji mkono wa mtu mwingine kila siku ni sehemu ndogo. Na takwimu ile haiwahusu watoto walio chini ya miaka 7, ambao ndio huanza kuonekana na mtindio wa ubongo baada ya uzazi uliokwenda vibaya, kwa hiyo kujua idadi yao ni kazi yetu sisi tulio karibu nao. Mwaka huu, kwa miguu na kwa bodaboda, nimezitembelea kaya za kata yangu na nimekuta 14 zenye mtu wa namna hii. Kumi na nne! Halmashauri inayokusanya ushuru wa korosho haiwezi kusema imeshindwa na kaya 14 za kata moja.

Ninachoomba ni kifungu katika bajeti. Nataka kisomeke kwa jina lake, huduma za nyumbani kwa watu wenye ulemavu, nje ya ile asilimia 2 ya mikopo, ili fedha ya huyu isimnyime yule. Kutoka kwenye kifungu hicho halmashauri inunue vitu vidogo ambavyo mdogo wangu alivikosa: mipira ya mkojo, glavu, sponji, sabuni, mackintoshi, yale mashuka yasiyopitisha maji, za kutandikia. Kutoka humo humo mlezi wa kaya alipwe posho, hata iwe ndogo, kwa kuwa kazi anayofanya ingefanywa na muuguzi tungeiita zamu.

Wa kupita nyumba kwa nyumba hatuna haja ya kumtafuta upya. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima. Hao ndio wanaoingia majumbani. Mafunzo yao yakiongezewa namna ya kumgeuza mtu, kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kutambua kidonda kabla hakijafunguka na kujua wakati wa kumwita mtaalamu wa utengamao, yaani wa kumrudishia mtu uwezo wa mwili wake, kutoka hospitali, tutakuwa tumeanza. Afisa Ustawi wa Jamii awe ndiye mwenye rejista, na rejista hiyo ipitiwe na kamati ya kijiji, kwa sababu kijiji kinajua nani anatunzwa na nani ameachwa. Ningependa pia pawe na siku moja kwa wiki ambapo mhudumu anakaa na mgonjwa ili mama aende shamba, kliniki, au alale tu. Wenzangu wauguzi wataniunga mkono nikisema kulala ni tiba.

Nimechagua kulisema hili mwezi huu kwa makusudi. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini vipaumbele vya vijiji na kata vinaandikwa sasa, na Baraza la Madiwani litakaa kupitisha rasimu mwanzoni mwa mwaka. Ikifika Aprili, tutaambiwa hoja ni nzuri ila tumechelewa. Nimeambiwa hivyo mara mbili.

Hili hapa ni daftari. Lina majina ya wakuu wa kaya zile 14, kitongoji, hali ya mgonjwa, na jina la anayemtunza. Kaya zote zimekubali liwafikie ninyi na Afisa Ustawi wa Jamii tu, kwa hiyo naomba lisizungushwe ukumbini. Ukurasa wa kwanza ni wa mama mmoja niliyemwomba aje aseme mwenyewe badala yangu. Alinijibu kwamba saa nne ni saa ya kumgeuza mwanawe, na saa sita tena. Naomba Ndugu Katibu alipokee daftari hili, na muhtasari wa leo uandike kwamba limepokelewa.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.